Sauti ya Pili

Siku aliyokutana na mwokaji mikate, Chiriku hakuwa na ruhusa ya kutamka hata neno moja. Jana yake daktari wa koo alikuwa amemmulika kinywani kwa kijitaa, akaguna, kisha akaandika kwenye kadi: siku nne za kimya, hata kunong'ona marufuku. Kwa binti ambaye mama yake alimbandika jina la Chiriku kabla hajatimiza miaka miwili, kwa kuwa mdomo wake ulifunguka na jua na haukufungwa ila na usingizi, hiyo haikuwa dawa. Ilikuwa kifungo.

Basi asubuhi ya kwanza ya kifungo chake alisimama kwenye foleni ya duka la mikate lililotazamana na kituo kikuu cha mabasi. Alivaa gauni la kitani la rangi ya samawati, skafu ya pamba imemzunguka shingoni mara tatu, na mkononi alishika daftari dogo na kalamu. Duka lilikuwa limefurika: makarani wenye haraka zao, wauguzi waliotoka zamu na macho mekundu, baba mmoja aliyembeba mtoto begani kama gunia. Vioo vilikuwa vimefifia kwa mvuke, na harufu ya mkate wa moto ilimfikia kila mtu kabla ya zamu yake.

"Nikupe nini, mdogo wangu?" aliuliza mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo.

Chiriku akainua daftari. Mwenye duka akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, miwani ikiwa palepale kifuani.

"Hebu njoo unisomee barua hapa," akaita kuelekea mlango wa nyuma.

Akatoka kijana mrefu, aproni imefungwa kiunoni, unga umemwingia mpaka kwenye kope. Alikuwa mdogo wake mwenye duka na ndiye aliyesimamia tanuri. Akasoma daftari, akamtazama Chiriku kwa huruma, kisha akaanza kusema polepole, kwa sauti kubwa, akichora hewani kwa mikono.

"Skonzi. Za zabibu? Au. Za. Kawaida?"

Foleni nzima ikageuka. Chiriku akaandika kwa utulivu: *Nasikia vizuri sana. Ni koo tu linaloumwa. Za kawaida.*

Kijana akasoma, na chini ya ule unga uso wote ukapata joto. "Samahani, dada," akasema kwa sauti ya kibinadamu. "Nimekupigia kelele bure, na wenzako pia."

Kesho yake Chiriku alirudi, ingawa skonzi mbili za jana zilikuwa bado mezani kwao. Safari hii kijana alitoka kabla ya kuitwa, akachukua kalamu, akaandika: *Umeamkaje? Koo linasemaje?* Wakaandikiana mistari sita huku watu wakikohoa nyuma yao. Siku ya tatu Chiriku akamuuliza kwa maandishi: *Mbona unaandika, na mimi nasikia?*

Naye akajibu chini yake: *Sikutaka uandike peke yako.*

Chiriku akafunga daftari, akasahau mkate wake kwenye kaunta.

Siku ya tano alifika mapema, akamsubiri atoke na sinia la skonzi, akamwambia, "Habari za asubuhi."

Ni salamu tu, lakini ilitoka kwenye kifua kilichofundishwa miaka sita. Sinia likainama, skonzi tatu zikabingirika hadi miguuni mwa wateja.

"Kumbe sauti anayo," mwenye duka akasema. "Tena si ya mchezo."

"Siku tatu umeniacha naandika kama mtoto wa darasa la kwanza," kijana alimwambia akiziokota skonzi, "kumbe unaficha kengele ndani. Unafanya kazi gani wewe?"

"Naimba."

"Kwenye bendi?"

"Opera."

Akafikiri kidogo. "Ile ya kupiga kelele?"

"Ile ya kupiga kelele baada ya kusomea miaka sita."

Kijana akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nywele. Wenzake wa tanurini walimwita Hamira, kwa sababu aliamka kabla ya kila mtu na palipokuwa na yeye mambo yaliumuka. Chiriku naye akaanza kumwita hivyo.

Kweli alikuwa amesoma miaka sita. Alijifunza kupumua kwa tumbo, kuimba katika lugha tatu ambazo hakuzizungumza, na kuujaza sauti ukumbi wa watu elfu moja bila kipaza sauti, juu ya fidla arobaini na ngoma zake. Sasa alikuwa na mwaka mmoja katika kwaya ya jukwaani ya ukumbi mkuu wa opera wa mji ule. Leo ni mwanakijiji, kesho ni askari, keshokutwa ni mgeni wa karamu anayeinua glasi tupu. Ndoto yake ilikuwa kusimama mbele ya wale wanakijiji, peke yake. Mwalimu wake wa sauti, bibi mmoja mwimbaji mstaafu aliyefundishia chumba cha juu cha jengo la zamani, alimwambia tangu mwanzo kwamba yeye ni sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, na mabinti wa sauti ya kwanza ndio wanaopewa mapenzi, mashada ya maua na vifo vizuri mwisho wa mchezo. Kwa hiyo Chiriku alipanda. Kila wiki alipanda ngazi moja zaidi, na kila baada ya miezi michache koo lilivimba, daktari akaguna.

Mapenzi yao yalikuwa na adui mmoja tu: saa. Hamira alianza kukanda unga saa nane usiku, akamaliza saa sita mchana, na jua likizama alikuwa amelala fofofo. Mazoezi ya Chiriku yalianza saa nane mchana yakaisha saa tatu usiku. Walibaki na saa mbili katikati ya siku, nazo walizitumia kama watu waliopewa ukumbi wa kuazima. Walikaa kwenye bustani ya nyuma ya maktaba, wakala mkate na mayai, wakagombania upande wa benchi wenye kivuli. Yaliyobaki yalipitia kwenye simu.

"Laazizi, umeamka?" Chiriku alimrekodia ujumbe akitoka mazoezini. "Najua umelala. Leo nimekuwa mtawa. Kesho nitakuwa muuza samaki. Wewe uko vilevile, ni wa unga tu. Lala salama."

Asubuhi Chiriku aliamka na jibu la Hamira lililorekodiwa usiku wa manane, nyuma yake mashine ya kukandia ikinguruma. "Mtawa wangu, nakuomba usiape kiapo chochote kabla ya saa sita mchana. Nina maneno na wewe."

Dada yake Hamira hakusubiri mtu atangaze. Wiki ya tatu tu alimwambia Chiriku mbele ya foleni, "Wifi, chukua na huu wa kumpelekea mama." Chiriku akainamia mfuko wake wa mkate kama aliyepoteza kitu ndani.

Mama yake alikuwa mkunga wa hospitali kuu, mwanamke wa maneno machache na makali. Alipoletewa Hamira sebuleni, alimtazama mikono kwanza.

"Hii mikono imeungua wapi?"

"Tanurini, mama. Kila mwokaji anazo alama zake."

"Kucha ni safi," mama akasema, na kwake huo ulikuwa mkutano uliofaulu.

Mchana mmoja Hamira alimfuata Chiriku kwenye somo la sauti na mkate wa bibi mwalimu, akakaa kwenye ngazi za nje, akasikiliza. Walipokuwa wakishuka alikuwa akitazama viatu vyake tu.

"Sema," Chiriku alimwambia. "Nimeimba vipi?"

"Nisiseme. Mimi si mtaalamu."

"Sema, Hamira."

"Ukiimba kule juu nakuhofia. Ni kama namtazama mtu aliye kwenye ngazi ndefu, nataka nikaishike chini isiteleze. Ukishuka, natamani kuvuta kiti nikae mpaka uchoke."

Chiriku alisimama. "Wewe unajua unga. Sauti niachie mimi."

"Unga nao una sauti," alisema kwa upole. "Mkate ukiutoa tanurini ukaugonga chini, ulioiva unajibu. Mbichi haujibu. Ndivyo ninavyojua, si zaidi."

Chiriku akacheka, wakaendelea na safari, lakini neno lile lilimchoma kama mwiba wa samaki. Lilimchoma kwa sababu koo lake lilikuwa limeshamwambia hivyohivyo mara nyingi.

Mwezi uliofuata bahati ikabisha hodi. Mwimbaji mmoja alihama mji, na Chiriku akapewa nafasi yake: mtumishi wa nyumba katika mchezo wa zamani wa kuchekesha. Katika sehemu ya kwanza hupita tu na sinia. Katika ya pili hubaki peke yake jukwaani akikunja nguo za wenye nyumba, akiimba siri alizozikuta mifukoni mwao. Ni wimbo mmoja wa dakika nne, tena wa chini, si wa kupanda. Bibi mwalimu alikunja pua. Chiriku hakujali, hata ingekuwa dakika moja.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Mama aliitwa hospitalini mchana huohuo, kwani watoto hawasubiri pazia, akaahidi kuja onyesho la pili. Hamira alikuja peke yake kwa koti la kuazima lililombana mabegani na viatu vilivyong'aa, akaketi safu ya tano. Sehemu ya kwanza Chiriku alipita na sinia, akamwona chini ya mwanga wa jukwaa, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Wakati wa mapumziko zipu ya gauni lake la kijivu la mtumishi ikapasuka, kuanzia kiunoni hadi mabegani. Fundi nguo akashika pini mdomoni, akatazama saa, akatikisa kichwa. Kengele ikalia. Chiriku akanyakua kitambaa cha meza kilichokuwa jukwaani, kile cheupe chenye mashada ya zambarau, akajifunga nacho begani, akatoka hivyo. Watu wakaangua kicheko. Badala ya kuona haya, akaimba huku akikipandisha kila kilipotaka kushuka, akamkonyeza mzee mmoja wa safu ya mbele, na siri za wale mabwana zikatoka kinywani mwake moja moja, nzito, tamu, bila jasho wala ngazi. Alipomaliza, ukumbi ulipiga makofi mpaka kiongozi wa muziki akalazimika kushusha kijiti chake na kungoja.

Alitoka akikimbia kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, kitambaa kingali begani mpaka fundi nguo akamvua na kumvika kanzu yake. Mchezo ulipokwisha, Hamira alimkuta akiwa amekwisha badili nguo. Macho ya Hamira yalikuwa mekundu, shavu moja lina mkunjo.

"Umeimba vizuri sana," alimwambia. "Mpenzi, sijawahi kusikia kitu kama kile."

"Kweli? Ulipenda wapi zaidi?"

"Pote. Hasa pale mwishoni."

"Na nguo yangu?"

"Nguo ilikukaa kama umezaliwa nayo."

Chiriku akamtazama. Watu wote waliompita pale ujiani walikuwa wakiimba habari ya kitambaa cha meza. "Nguo ipi, Hamira?"

"Si ile ya kijivu, yenye kola nyeupe?"

Dakika nne alizozingoja miaka saba, na mtu aliyemtaka azione hakuwepo, ila koti lake. "Ulilala," alisema.

"Sikulala. Nilifumba macho tu nisikie vizuri."

Angemwambia kwamba alilala, labda wangecheka. Huo uongo mdogo ndio uliomuudhi. Na hapohapo, kwa mkosi, kiongozi wa muziki akatokea na kumpa mkono Chiriku kwa pongezi, kisha akamgeukia Hamira kwa adabu. "Na huyu bwana ni nani?"

"Huyu ni mtu anayetuletea mikate," Chiriku akasema.

Alijua neno limemkata kabla hajalimaliza. Hamira akainamisha kichwa kidogo. "Ndiye mimi," alimwambia kiongozi. "Nafurahi kukufahamu." Akashuka ngazi bila kugeuka, koti limembana mabegani.

Wiki mbili zikapita. Chiriku hakupiga simu, akijiambia kwamba aliyekosa ndiye apige. Hamira hakupiga, akijiambia hivyohivyo. Mkate ulinunuliwa dukani kwa mtu mwingine, ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama aliuonja asubuhi moja, akaurudisha sahanini.

"Huu umeokwa na mtu mwenye chuki na wenzake."

"Ni mkate tu, mama."

"Mwenzio amekukosea nini?"

Chiriku akamweleza: usingizi, uongo, nguo ya kijivu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe ulimkosea nini?"

Chiriku akausogeza mkate kando. Kisha, akitazama sahani, akamweleza na hilo la mikate.

Mama alisimama, akavaa viatu vyake vyeupe vya kazini. "Mwanamke akiwa kwenye uchungu humtukana mume wake matusi ambayo sijawahi kuyasikia popote," alisema. "Tunamsamehe, kwa sababu ana mtoto wa kutoa. Wewe ulikuwa unatoa nini?" Akaenda zake kazini.

Jambo la pili lilimkuta kwa bibi mwalimu. Walikuwa wanajiandaa kwa usaili: ukumbi ulitaka waimbaji wanne chipukizi, wa mkataba wa mwaka mzima, wenye nafasi zao wenyewe mbele ya kwaya. Chiriku alipanda kwenye ile noti ya juu, ikavunjika. Akapanda tena, ikavunjika tena. Bibi aliacha kupiga kinanda, akafunga kifuniko chake polepole, akaweka mikono juu yake.

"Mwanangu, mimi nimekukosea," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa sauti ya kwanza. Nikikusikiliza, nilitaka kujisikia mimi. Jumapili ile nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Ulipoimba ule wimbo wa mtumishi, nilijua. Wewe ni sauti ya pili. Ndiko unakoishi. Huku juu ulikuwa mgeni miaka yote hii, na mwenyeji wako alikuwa mimi."

"Miaka sita, bibi."

"Haijapotea. Umejifunza kupumua. Sasa teremka."

Chiriku alikaa kwenye ngazi za nje akalia kidogo, si sana, kwa sababu chini ya machozi kulikuwa na kitu kama pumzi iliyopata nafasi. Wa sauti ya pili hawapewi vifo vizuri wala mashada. Hupewa mashangazi, wachawi, watumishi na wanawake wenye akili. Alipofika kwenye wanawake wenye akili akajikuta anatabasamu. Ndipo akakumbuka ni nani aliyemwambia hivyo mwanzo, palepale kwenye ngazi zile, kwa kujiumauma na kwa heshima, wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu. Mtu yule alisema uongo mara moja, kwa aibu. Ukweli mgumu alimpa bila kuupaka sukari, na Chiriku akamjibu kwamba yeye anajua unga tu.

Hakusubiri zile saa mbili zao za mchana. Alfajiri ya kesho yake, saa kumi na moja, alikwenda kugonga mlango wa nyuma wa duka la mikate. Hakuwahi kupita mlango ule. Ndani palikuwa na joto la kumlowesha mtu nguo. Meza ndefu ya mbao, bonge la unga limelala juu yake kama mtu aliyefunikwa shuka, sinia zimepangwa mpaka darini, tanuri limefunguka mdomo. Hamira, fulana imelowa, alikuwa akiingiza mikate kwa koleo la mti, refu kuliko yeye. Aliingiza kumi na miwili kabla ya kumwona.

"Duka linafunguliwa saa kumi na mbili," alisema.

"Sikuja kununua."

Akafunga tanuri. Wenzake wawili wakagundua wana kazi ya haraka stoo.

"Nimekuja kuomba radhi," Chiriku alisema. "Kiongozi wa muziki alipouliza wewe ni nani, nilijua jibu. Nililijua vizuri sana. Nikachagua lile litakaloumiza."

"Liliumiza."

"Najua."

Hamira alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Kuleta mikate si tusi kwangu, Chiriku. Lililoniuma ni kwamba wewe ulidhani ni tusi."

Chiriku akasema, "Sikudhani hivyo. Lakini nililitumia kama tusi, na hilo ni baya zaidi. Nisamehe."

"Nami nilidanganya," alisema Hamira. "Nilitaka Jumapili ile niwe huru, nikabadilishana zamu. Nikakanda usiku wa Ijumaa, nikaunganisha na mchana wa Jumamosi, nikakanda tena usiku wake. Nilijua sehemu ya pili ndiyo yako. Niliwaza nifumbe macho wakati wa mapumziko, dakika tano tu. Makofi ndiyo yaliyoniamsha. Nikaona migongo tu ya watu waliosimama kukupigia wewe, na walipoketi ulikwisha kutoka, nami mtu wako peke yangu sijui kwa nini. Niliona haya kiasi cha kukosa akili."

"Kwa nini hukuniambia hivi?"

"Ungeniuliza kitu kingine, ningekuambia. Uliniuliza nilipenda wapi."

Chiriku akacheka, machozi yakiwa yamekwisha karibia. "Bibi mwalimu amesema mimi ni sauti ya pili. Usicheke. Usiseme kwamba ulisema."

"Sisemi kitu."

"Uso wako unasema."

"Uso ni wangu, laazizi, uache."

Lile neno likapita kati yao likakaa mahali pake. Hamira akamvuta kando ya meza, akamfunga aproni, akamwonyesha kukata unga na kuuviringisha chini ya kiganja. Wa kwake ulitoka umepinda kama sikio. Mwenye duka aliposhuka kufungua, akamkuta wifi yake na unga hadi kwenye nyusi. Alivaa miwani, akautazama ule mkate, akasema, "Huu tutakula sisi wenyewe."

Kwa muda uliobaki kabla ya usaili, Chiriku aliteremka. Bibi alimtafutia nyimbo mpya: mama anayemzuia mwanawe kwenda vitani, mjane anayekataa kuolewa tena, msichana mjanja anayewachezea wanaume watatu kwa mpigo. Ilikuwa kama kuhamia nyumba ambayo samani zake zilikuwa za kwake siku zote. Koo halikuvimba. Siku ya usaili alisimama mbele ya watu watano waliokaa gizani, saa tatu asubuhi, saa ambayo waimbaji wengi huichukia, akaimba ya mjane. Hakuna aliyepiga makofi, maana usaili hauna makofi. Lakini mpiga piano alisahau kufungua ukurasa unaofuata, akabaki ameinua mkono.

Simu ilikuja baada ya siku sita, akiwa anafua. Mama aliipokea kwa sababu mikono ya bintiye ilikuwa na sabuni, akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Nitamwambia," akakata, akaendelea kukunja taulo.

"Ni nani, mama?"

"Ni watu wa ukumbi. Wanakutaka Alhamisi uje na kalamu." Akakunja taulo nyingine. "Wamekuchukua." Na yule mwanamke wa maneno machache akakaa kwenye kiti, taulo mapajani, akatabasamu peke yake.

Alhamisi Chiriku alivaa gauni jeusi lenye mikono mirefu na hereni za mama, akaenda ofisi ya ukumbi. Mbele yake walikuwa chipukizi wengine wawili, nyuma yake mmoja. Katibu alimpa fomu. Alipofika sehemu ya watu wa kuarifiwa kukitokea dharura, akamjaza mama kwanza. Nafasi ya pili akajaza jina la Hamira lenyewe, lile la kwenye vyeti, na namba aliyoijua kwa kichwa. Kisanduku cha mwisho kiliuliza: *uhusiano*. Kalamu ikasimama.

"Kinatakiwa kijazwe?" alimuuliza katibu.

"Vyote vinatakiwa."

Akasogea dirishani, akapiga simu. Ililia kwa muda mrefu.

"Hamira, una nafasi?"

"Nina unga mpaka kwenye viwiko. Dada ndiye amenishikia simu sikioni. Kuna nini?"

"Kuna fomu hapa. Nimekuandika wewe, upigiwe simu nikianguka jukwaani."

"Usianguke."

"Wanauliza wewe ni nani wangu."

Upande wa pili mashine ya kukandia ilinguruma, kisha mtu akaizima.

"Wewe unataka kuandika nini?" aliuliza Hamira.

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Kisanduku chenyewe ni kikubwa kiasi gani?"

"Neno moja linaingia. Ukibana, mawili."

"Basi andika mchumba."

Chiriku aliegemea dirisha. "Mchumba huulizwa kwanza. Haandikwi tu kama mzigo."

"Nakuuliza. Nilipanga nikuulize Jumapili, nimeoga, nimevaa, mbele ya mama yako. Lakini kama fomu haisubiri, nakuuliza sasa hivi nikiwa na unga. Utakubali nikuoe?"

Chiriku akaitazama kalamu mkononi mwake. Kisha ikasikika sauti ya mwenye duka, karibu sana na simu. "Jibu upesi, wifi, mkono umekufa ganzi."

"Nakubali," Chiriku akasema.

Alirudi mezani, akakaa, akaandika. Katibu aliichukua fomu, akaisoma hadi chini, akamrudishia. "Hongera," alisema. "Sasa andika tena kwa herufi kubwa, tafadhali. Na wino haujakauka, usiuguse."

Walioana siku ya Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku pekee ambayo ukumbi na tanuri hupumzika pamoja. Bwana harusi alikatazwa kuoka keki yake mwenyewe, naye aliitikia kwa adabu zote, kisha akaioka. Bibi mwalimu alikaa karibu na mama, wakaelewana kama pacha. Jumanne saa nane usiku Hamira alifunga kamba za viatu vyake gizani akaenda kazini, na saa nane mchana Chiriku akaenda mazoezini, shangazi mwenye wivu katika mchezo mpya, nafasi yenye nyimbo tatu.

Walipanga vyumba viwili, nusu ya njia kati ya duka na ukumbi, wakabandika ukutani jikoni ratiba mbili, ya mume na ya mke, na duara la kalamu nyekundu kila mahali saa zao za mapumziko zilipokutana. Mama alipowatembelea mara ya kwanza aliyahesabu yale maduara huku akinywa chai.

"Saa kumi na tisa kwa wiki," alisema.

"Ni chache, mama?" Hamira aliuliza.

Mama akafikiri. "Nimezalisha katika nyumba ambazo watu wanaonana kutwa nzima, na hawana hata saa moja," alisema. "Nikatie mkate."